Risasi Zinazogoma

Choteau, Montana
12 Machi 1989

Kaka Verlin,

Pokea salamu za mdogo wako. Kifua kinaendeleaje huko jangwani? Binti yako Lorna aliniandikia Krismasi kwamba baba yake sasa anatembea hadi kwenye sanduku la barua bila kusimama njiani, nikashukuru. Huku mimi mzima, mbwa wangu Gus mzima, na kondoo wazima, ila wamechoka kubeba mimba kama mimi nilivyochoka kuwatazama. Upande wa kaskazini wa zizi theluji bado inafika kiunoni.

Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho uliitikia "ndiyo, ndiyo" kwa dakika nzima kisha ukaniuliza nani mwenzangu. Masikio yako yamestaafu kabla yako. Kwa hiyo naandika.

Ni habari ya rivolva ya Baba. Unajua kila mwaka kabla kondoo hawajaanza kuzaa huwa naijaribu kwa makopo nyuma ya ghala, maana dubu nao huamka majira hayohayo. Safari hii risasi zimenitia aibu. Nimezishindilia mwenyewe, kwa mashine ileile uliyoifunga mezani, kwa baruti ileile. Ya kwanza ikatoka vizuri. Ya pili ikasema "puh" kama mzee anayekohoa, ikachimba theluji mbele ya kopo. Ya tatu ikatoa "ka" tu. Nikairudisha silinda nyuma tundu moja, nikaivuta nyundo tena, nikafyatua, ndipo ikalia. Nilipofungua silinda, baruti ambayo haijaungua ilinimwagikia kiganjani kama pilipili manga.

Ulipoondoka ulitaka niuze mahali hapa, na sijasahau nilivyokujibu. Hilo sikuandikii. Nakuandikia juu ya risasi.

Mdogo wako,
Arlys


Green Valley, Arizona
20 Machi 1989

Mdogo wangu Arlys,

Mzee anayekohoa amesoma barua yako na anakusalimu. Kifua ni kilekile, lakini hewa kavu inakibembeleza. Lorna ananilisha kama ndama anayepelekwa mnadani. Nisalimie jirani yetu Orrin Skogen na mkewe, na umwambie Orrin bado ana msumeno wangu.

Kwanza, risasi ikisema "ka", usivute nyundo mara moja. Elekeza mtutu mahali salama, sali Baba Yetu hadi mwisho, tena polepole kama anavyosali mchungaji wetu, ndipo uguse kitu. Huenda moto umechelewa tu. Na ile iliyosema "puh", ulichungulia mtutu kabla ya kupiga nyingine? Risasi dhaifu ikikwama ndani, nawe ukaisukuma kwa nyingine, hutabaki na mkono wa kuniandikia. Najua hukuchungulia.

Sasa nijibu bila kuzunguka. Umebadilisha nini? Risasi haigomi bure. Naona kama umepunguza baruti. Ile ya kopo jeusi ni baruti ya mzigo mzito, inaungua taratibu, inataka ganda lijae ndipo ipate joto lake. Ukiipunguza inalala, ndiyo maana unaikuta kiganjani. Ukitaka risasi nyepesi, tafuta baruti inayowaka haraka, na upime kama kitabu kinavyosema, si kama moyo unavyosema. Badilisha kitu kimoja, jaribu, kisha kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo utapona bila kujua dawa.

Na kwa nini hununui za dukani?

Kaka yako,
Verlin


Choteau
2 Aprili 1989

Kaka,

Natumaini umelala vizuri kuliko mimi. Kondoo wameanza. Usiku siuoni mwanzo wala mwisho, mchana nasinzia juu ya sahani. Wengi wanazaa salama. Mapacha wa jana nimewapoteza, mama yao hakuwataka na mimi sikuwahi.

Ulikisia sawa, nilipunguza baruti tangu msimu wa majani kuanguka. Za dukani zinanipiga kifundo cha mkono hadi nashindwa kukamua kitambaa cha vyombo, basi nikaona nishindilie nyepesi. Orrin amenipa kopo la baruti ya haraka na nimeipima kwa kitabu. Chembe za baruti kiganjani zimekwisha kabisa. Hapo umeshinda.

Lakini "ka" ipo palepale. Nikafungua pakiti mpya ya fataki za kuwashia baruti, nikidhani za zamani zimeota unyevu. Bado. Nimepitisha kidole kwenye tako la kila risasi, fataki zimekaa sawa, laini kama sahani. Na juzi kimezuka kipya: nilipopiga moja, mtikiso wake ukafanya risasi ya jirani itambae nje ya ganda lake, ikachomoza mbele ya silinda, silinda ikakwama isizunguke. Ilibidi niirudishe ndani kwa kipande cha mti.

Kuhusu msumeno, Orrin anasema aliurudisha. Mkewe anasema hakuurudisha.

Mdogo wako,
Arlys


Choteau
9 Aprili 1989

Kaka Verlin,

Najua bado hujajibu ile ya wiki iliyopita. Sina habari nzuri, ila mimi mzima, nakuambia mapema usome bila hofu.

Jumanne asubuhi, kumepambazuka, nilikwenda zizini na maji ya moto. Gus akasimama nyuma ya mguu wangu, manyoya ya mgongo yamemwinuka. Nikausukuma mlango. Dubu alikuwa amemlalia yule kondoo jike mwenye sikio lililochanika, anamla, na kondoo bado anatikisa mguu. Kati yetu palikuwa kama kutoka jiko la Mama hadi meza yake. Hakunguruma. Aliinua tu kichwa akanitazama kama mtu aliyeingiliwa wakati wa chakula.

Nililenga paani, nia yangu ni kumtisha. "Ka." Nikafyatua tena, tundu la pili. "Ka." La tatu likalia, na silinda ikakwama hapohapo. Huo mlio mmoja, pamoja na Gus aliyekumbuka ghafla kwamba ni mbwa, ndivyo vilivyomwondoa. Alipita palipovunjika ubao, akiburuta mzigo wake.

Nilikaa juu ya ndoo nyingine, tupu. Nilipokumbuka kuinuka, maji yalikuwa yamepoa.

Mtu wa wanyamapori amekuja na mtego wake wa pipa, ameutia nyama ya paa. Kijana mpole. Dubu hauingii, anauzunguka tu, nyayo zinaonyesha. Orrin ameniachia bunduki yake ya marisawa. Ni nzito, imeegemea karibu na friji.

Nieleze kosa liko wapi. Nimefanya kila ulichosema.

Arlys


Green Valley
17 Aprili 1989

Mdogo wangu,

Barua zako mbili zilifika siku moja, na kwa bahati mbaya nikaanza na ya pili. Lorna alidhani nimepatwa na kitu, akaniletea maji. Nashukuru Mungu upo. Nashukuru na mbwa.

Usitoke tena na rivolva hiyo. Mwite Orrin aje asubuhi mkaingie wote zizini. Nitamwandikia mwenyewe, nawe usininunie.

Nimekaa na barua zako siku nzima. Kinachonikera ni hiki: pigo la kwanza halilipui, la pili linalipua. Fataki iliyoota unyevu ni nadra kupona kwa kupigwa tena. Inayofanya hivyo ni ile ambayo haikuzama hadi chini ya tundu lake. Pigo la kwanza linaishia kuikalisha, la pili ndilo linaiwasha. Wewe unasema umepitisha kidole. Sasa usipitishe kidole. Toa kioo kwenye picha yoyote ya ukutani, kilaze mezani, usimamishe kila risasi juu yake kwa tako. Ikisimama imara, fataki imezama. Ikiyumba, fataki imechomoza.

Pia mwambie Orrin aikague skrubu iliyo mbele ya mpini wa rivolva, ile inayokaza springi ya nyundo. Ikilegea, nyundo inagonga kama bibi arusi anayebisha hodi.

Mwisho, nitengenezee tano tupu, ganda na risasi tu, bila baruti wala fataki, uzitume kwa posta. Hizo hazina ubaya. Nataka kuzishika mwenyewe.

Nasikitika kwa yule wa sikio. Alikuwa mama mzuri.

Kaka yako,
Verlin


Choteau
26 Aprili 1989

Kaka,

Salamu. Theluji inayeyuka, tope limefika kwenye mlango wa jikoni. Dubu amekamatwa, wamempeleka ng'ambo ya milima. Orrin anasema atarudi kabla ya lori lililompeleka.

Zimeyumba. Karibu zote. Nilitumia kioo cha picha ya kipaimara chako, na wewe ukawa unanitazama kutoka kwenye kadibodi. Sikuelewa. Nikazichukua tena, nikazipitishia kidole, kidole kikaniambia ziko sawa. Nikazirudisha kwenye kioo, zikayumba.

Skrubu imekaza. Orrin aliijaribu kwa bisibisi, haikusogea.

Tano zako nimezitia ndani ya soksi. Soksi irudi, pacha wake yupo huku.

Arlys


Green Valley
5 Mei 1989

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini umepata kupumzika sasa kondoo wamekwisha kuzaa. Sisi huku joto limeanza kutusaga. Soksi imefika.

Niliiweka risasi ya kwanza mezani, nikaisukuma kwa dole gumba. Ikazama ndani ya ganda kama kizibo ndani ya chupa. Ya pili vivyo hivyo. Mdomo wa ganda haukubanwa, umepapaswa tu. Risasi isiyobanwa inatoka kabla baruti haijashika moto vizuri, ndiyo "puh" yako. Na majirani zake wakitikiswa wanatambaa nje, ndiyo silinda yako kukwama. Kwa hiyo ile baruti ya haraka ilificha ugonjwa, haikuuponya.

Nilianza kuilaumu mashine. Lakini mashine hiyo niliifunga mimi, na kalibu zake nilizikaza kwa spana mbili, hazilegei hadi nyumba ianguke. Nikajiuliza ni kosa gani moja linaloweza kuacha fataki juu na mdomo wazi kwa pamoja. Lipo moja tu. Mpini wa mashine haufiki chini. Unaushusha, unadhani umefika, kumbe bado.

Mpini ule hautaki nguvu nyingi, Arlys. Unataka mkono unaosikia. Na mkono wako unakuambia fataki imekaa wakati jicho linaiona inayumba. Za dukani zinakuumiza. Kitambaa hukikamui. Na mapacha "hukuwahi", wewe ambaye tangu utotoni ulikuwa unamgeuza mwanakondoo tumboni kabla Baba hajavua koti.

Si mashine, mdogo wangu. Mikono imeanza lini?

Sikuulizi ili uuze. Nakuuliza kwa sababu ni mikono yako.

Verlin


Green Valley
11 Juni 1989

Arlys,

Salamu, kama bado unazipokea.

Sijapata barua. Nilimwandikia Orrin, naye amejibu kwa mistari mitatu: kwamba u mzima, kwamba umemkataza asiniambie lolote, na kwamba yeye ni mtu wa kutimiza ahadi. Mwambie ni mtu mwema na simpendi.

Mimi nilipoambiwa mapafu yamekwisha, niliendelea kukata kuni majira mazima, nikikohoa nyuma ya ghala ili usisikie. Ulisikia. Hukusema kitu mpaka nilipokuwa tayari, ila uliacha kuniachia magogo makubwa. Nami nitangoja. Lakini niandikie hata juu ya mvua.

Kaka yako


Choteau
25 Juni 1989

Kaka Verlin,

Mvua imenyesha ya kutosha, nyasi ni nzuri.

Nilikukasirikia. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama pale sandukuni, nikaitia kwenye jiko nilipofika nyumbani, kisha nikajuta kwa sababu sehemu ya spana nilitaka kuisoma tena.

Ni majira mawili ya baridi sasa. Kilianza kidole gumba na viwili vinavyofuata, asubuhi tu, ganzi kama ya kulalia mkono. Nikawa nakung'uta mikono inarudi. Kisha ikawa hairudi mpaka mchana. Kisha haikurudi. Nimevunja vikombe vya Mama vyote isipokuwa kimoja, nimekificha. Kufuma nimeacha, watu kanisani nawaambia macho.

Orrin alinipeleka kwa daktari Great Falls. Alinichoma vidole kwa pini nikiwa nimefumba macho, akawa ananiuliza kama amenigusa. Nilikuwa nangoja aanze, kumbe amemaliza. Anasema mshipa wa fahamu umebanwa pale kifundoni kwa muda mrefu. Ni kazi ya kunyoa kondoo, maisha mazima. Anaweza kupasua ili usiharibike zaidi, ila uliokwisha kufa haufufuki.

Unajua, zizini naweza kujidanganya. Kondoo anazaa hata ukimshika vibaya, na sindano naweza kumwambia Orrin azidunge, nikasema nina kazi nyingine. Risasi tu ndizo zilizokataa kunifichia.

Nimechoka, Verlin. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Naongea na Gus kuliko na watu, naye pia naona anachoka.

Risasi za zamani zote Orrin amezifumua, moja moja, nikiwa nimekaa pale. Ghalani hakuna risasi hata moja.

Mdogo wako,
Arlys


Green Valley
3 Julai 1989

Mdogo wangu,

Nakushukuru kwa barua. Lorna na watoto wanakusalimu.

Nakuja Agosti. Lorna analia, na daktari wangu ameniandikia karatasi ndefu, naitumia kuwekea alama kitabuni. Tandika kitanda chumba cha chini, ngazi zako sitaziweza. Siji kuzungumzia shamba. Nakuja kuvuta mpini.

Verlin


Choteau
22 Oktoba 1989

Kaka yangu Verlin,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Lorna amenipigia simu kunihakikishia kwamba kikohozi ulichobeba kutoka huku kimetulia, na kwamba unajigamba kwa majirani. Jigambe. Sijaona mtu anashindilia risasi akiwa ameketi, anavuta mpini, anapumzika, anavuta hewa, anavuta mpini, nusu ya siku nzima kwa kisanduku kimoja. Mimi nilibaki kuzisimamisha kwenye kioo. Hakuna iliyoyumba. Na uliponitoa nje na kiti cha jikoni, ukakaa, ukapiga kopo mara tano mfululizo, nilipiga makofi, wewe ukaniambia, "Sasa hata dubu akija na nduguze." Nikacheka. Nadhani nilicheka.

Kuna jambo sikukuandikia tangu uondoke. Ulinipa rivolva siku ile nikakuambia mkono unauma, nitapiga kesho. Nilingoja Orrin akupeleke uwanja wa ndege, nikatoka peke yangu. Zote zililia, Verlin. Hakuna "ka", hakuna "puh", silinda inazunguka kama saa, mtutu msafi. Na kopo likabaki limekaa. Nikasogea. Nikasogea tena, hadi nikawa karibu kama nilivyokuwa na yule dubu. Nililipata mara moja, na hiyo nadhani ni kopo lililokosea.

Sikisikii kidole kinapofika kwenye kifyatulio. Sijui mlio utatoka lini, kwa hiyo kila mara unanikuta nikitazama mahali pengine. Wakati wote ule nilikuwa na risasi za kulaumu. Wewe ukanitengenezea nzuri, nikabaki sina wa kumsingizia.

Nilikunywa kahawa, kisha nikampigia Orrin. Nilimwambia mimi mwenyewe kwamba kondoo nawaacha, kabla hajaniuliza. Amewachukua kondoo wote, wakubwa kwa wadogo, na majani ya malisho atakata yeye kila mwaka. Nyumba ni yangu hadi nife, hilo tumeliandika. Rivolva ameichukua mkewe, pamoja na kisanduku chako, ana mikono kama koleo yule mwanamke. Mkono wa kulia nitapasuliwa mwezi ujao. Wewe hukuniambia niuze, Agosti nzima, hata mara moja. Nilikuwa nangoja useme ili nikatae.

Malori yalikuja Jumamosi ya juma lililopita. Kondoo walipanda vizuri, wamezoea. Nilisimama langoni hadi vumbi likaisha, kisha nikabaki nimesimama kwa sababu sikujua kinachofuata.

Kesho yake niliamka saa ileile, nikavaa, nikafika mlangoni na koti. Gus alikuwa ameshatangulia. Tulitazama zizi wote wawili, hamna kitu, hata moshi wa pumzi zao. Alinitazama mimi. Nikamwambia, "Hata mimi sijui." Nikalivua koti, nikarudi kitandani na nguo zangu, naye akapanda miguuni, jambo ambalo tangu azaliwe sijawahi kumruhusu.

Tuliamka jua limejaa chumbani, Verlin, kanisani wameshatoka. Sikumbuki lini nililala hivyo. Nilikaanga mayai, nikakaa chini kuyala.

Mdogo wako,
Arlys